Mtungi wa Maji wa Bibi Shang

Kijijini kwao, kaskazini mwa Uchina, Bibi Shang alijulikana kwa mambo mawili: mtungi wake mkubwa wa maji uani, ambao haukukauka hata siku moja, na binti yake daktari.

Binti huyo, Geng Peilan, alikuwa ametibu watu walioungua kwa miaka thelathini na minne. Aliletewa wafanyakazi waliounguzwa viwandani. Aliletewa watoto waliomwagikiwa uji. Alitoa ngozi ya paja akaibandika mkononi, na mtu akashika tena vijiti vya kulia.

Bibi Shang hakuchoka kujigamba. "Huyu alitaka udaktari tangu mdogo wake alipoungua," aliwaambia majirani. "Nami mwanangu nilimpaka sosi ya soya chupa nzima, dawa ya moto ya wazee wetu. Nilifanya kila nililoweza."

Kila aliposikia hayo, Peilan aliinamisha kichwa. Mdogo wake, Shuanzi, alikuwa na miaka minne alipoangukia karai la maji ya moto. Peilan, wa miaka tisa, ndiye aliyetumwa sosi. Siku ya sita wakamzika Shuanzi. Kwamba sosi haitibu, Peilan alijua alipokuwa chuo cha udaktari, lakini hakumwambia mama yake. Angeanzia wapi?

Mwaka huo Peilan alikuja kusafisha kaburi la Shuanzi, kama kawaida ya majira ya kuchipua. Wiki hiyohiyo, hospitalini, alikuwa ameosha sosi kwenye vidonda vya watoto watatu, mmoja wao wa kijijini hapo. Wazazi wakaomba awafundishe. Walikusanyika uani, na Bibi Shang akakaa mbele kabisa, akitafuna mbegu za alizeti.

Peilan alisimama mbele yao. Akinyamaza, watoto wataendelea kuumia. Akisema, mama yake atasikia.

"Mtoto akiungua, kimbilieni maji," akasema. "Maji safi ya baridi, si barafu. Mwagieni palipoungua kwa dakika ishirini. Nguo iliyoganda msiivute. Kisha funikeni kwa kitambaa safi, mje hospitali."

"Na sosi je?" akauliza jirani yao, Mama Lele. "Si inapoza?"

"Haipozi. Inachafua kidonda, na sisi madaktari tunashindwa kukiona vizuri. Dawa ya meno nayo vilevile."

Bibi Shang akaacha kutafuna. Watu walipoondoka, akauliza, "Kwa hiyo nilimuua mimi?"

"Hapana, mama. Maji ya moto ndiyo yaliyomuua. Aliungua sana. Nawe hukujua, hakuna aliyekufundisha."

"Wewe umejua tangu lini?"

"Tangu chuoni."

"Miaka yote hiyo unaniacha nijisifu mbele za watu!"

Akaingia ndani, akafunga mlango. Hakugusa chakula siku hiyo. Peilan alikaa jikoni peke yake akalia, maana hapakuwa na dawa ya kumpa.

Siku ya tatu zikasikika kelele kwa jirani. Lele, mtoto wa miaka mitatu, alikuwa amejimwagia chai ya moto mkononi.

"Sosi! Leteni sosi!" bibi yake alipiga kelele.

Bibi Shang alikuwa ameshafika. Akamnyakua mtoto, akambeba hadi uani kwake. "Sosi pikieni! Peilan, leta kopo!"

Akamwagia maji, kopo baada ya kopo. Mtoto alilia, mama yake akalia, Bibi Shang hakuacha. Peilan alitazama saa mpaka dakika ishirini zikatimia. Kisha akaufunika mkono kwa kitambaa safi, wakaondoka na mtoto kwenda hospitali.

Baada ya wiki mbili mkono ulikuwa umepona, ukabaki wekundu kidogo tu. Mama Lele akaja na kapu la mayai kushukuru.

Alipoondoka, Bibi Shang aliushika mdomo wa mtungi wake.

"Siku ile ya Shuanzi," akasema, "mtungi huu ulikuwa umejaa."

Peilan akasogea, akasimama karibu naye. "Ndiyo, mama," akasema. "Ulikuwa umejaa."