Boksi Lililopanda Ngazi Mara Mbili

Fundi alifika kwenye duka la vyombo vya umeme akiwa amefura kwa hasira, na futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni. Aliondoka kwenye cherehani mbio mbio akasahau kuivua. Dukani watu walijaa hadi mlangoni: wa friji, wa majiko, wa feni, na kundi zima la waliolipia runinga kubwa wakaambiwa wakasubiri nyumbani. Kila mmoja alikuwa na lake. Huyu aliletewa iliyopasuka kioo, yule aliletewa ya jirani. Fundi hakuletewa kabisa.

"Mara tatu!" alimwambia mwanamke aliyesimama naye kwenye foleni. "Mara tatu nafunga kibanda changu nakaa kusubiri. Nikipiga simu, 'tuko njiani.' Njia gani hiyo isiyofika?"

"Pole, kaka." Mwanamke yule alikuwa mrefu, ndani ya ovaroli ya bluu iliyopauka magotini, na kitambaa chekundu kichwani kilichofungwa fundo la upande. Alikunywa maji taratibu kwenye chupa. "Na wabebaji wenyewe wakoje?"

"Wavivu watupu. Wakiona ngazi wanaumwa."

"Wewe unakaa ghorofa ya ngapi?"

"Ya nne. Na lifti ilikufa kabla sijahamia."

"Aaa. Jengo la njano. Ngazi nyembamba, kona kali ukipita ghorofa ya pili. Mteja ni fundi wa nguo."

Fundi akageuka mzima mzima. "Umejuaje, dada?"

"Mimi ndiye mvivu mwenyewe."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini yule mwanamke, ambaye wenzake pale dukani walimwita Kamanda, alicheka pamoja nao na hakumnunia. Akamweleza ukweli: mwenzake ameumia mgongo, na boksi la ukubwa ule halibebwi na mtu mmoja, wala halilazwi. Ukililaza, kioo kinakufa humo humo ndani na hujui mpaka uwashe.

"Gari ninalo, mikanda ninayo. Sina mtu wa upande wa pili."

"Mikono ninayo," alisema Fundi.

Kamanda akaitazama. "Hiyo ya sindano?"

"Hiyo hiyo."

Wakapatana Jumamosi asubuhi.

Sasa, Fundi hakutaka runinga kubwa kwa sababu ya mpira wala tamthilia. Mama yake, aliyekuwa akiishi naye, macho yalikuwa yakififia. Katikati palikuwa pamezibika, akabaki anaona pembeni tu, kama anayechungulia. Mdogo wake Fundi alijifungua mtoto wa kwanza nchi ya mbali, na kila jioni alimwonyesha kwenye simu. Mama alikuwa akiishika simu, anaizungusha huku na huku, kisha anasema, "Mzuri, mashallah." Fundi alijua hajaona kitu. Daktari wa macho alisema hata uwezo wa kuona uliobaki utapungua, na kama kuna sura anayotaka kuiona, aonyeshwe sasa, tena kubwa kadiri inavyowezekana. Ndiyo maana Fundi alichagua kubwa kuliko zote dukani, inchi themanini na tano.

Wiki ile simu haikutulia.

"Mikono ya sindano, umepima mlango?"

"Nimepima, Kamanda. Na ukuta nimeshauandaa. Nimehamisha kabati, nimepiga alama mbili za chaki, inchi themanini na tano kamili."

"Kona ya ngazi je?"

"Pia. Na leo nimepima urefu wa siku mpaka Jumamosi."

"Ikoje?"

"Inapwaya."

Kamanda alicheka mpaka akakohoa. Tangu hapo hakupiga tena kwa ajili ya kona. Alipiga kuuliza amekula nini, na leo ameshona nini, na kama kweli kuna wanawake wanaobana pumzi wakipimwa kiuno. Mama, akiwa chumbani, alisikiliza sauti ya mwanawe ikilainika akanyamaza na yake moyoni.

Jumamosi ilipofika, Fundi aliliona boksi limesimama ndani ya gari akapigwa na butwaa. Lilikuwa pana kama kitanda cha watu wawili. Kamanda akamvalisha glavu, akampitishia mkanda begani, akamwambia yeye atangulie juu, akipanda kinyumenyume, na uzito wa chini amwachie yeye Kamanda.

"Hatutaonana," alisema. "Usinitafute kwa macho. Nisikilize tu. Nikisema panda, panda. Nikisema pumua, simama."

Na kweli hawakuonana. Kati yao lilisimama lile boksi, na Fundi aliona ncha za vidole vya Kamanda tu. Lakini sauti ilimjia kutoka chini, tulivu, kila hatua. "Panda. Panda. Pumua." Kwenye kona kali, ambapo hapakuwa na pa kulitua, Kamanda alisema, "Sasa tunalinyanyua juu ya reli ya ngazi. Litaning'inia hewani kidogo. Niamini." Fundi akafumba macho. Boksi likaelea juu ya shimo la ngazi, jepesi ajabu, likazunguka, likapita. Hakuwa amewahi kumwamini mtu kiasi kile.

"Shikamoo, mama," alisema Kamanda mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Pole kwa ngazi."

Wakalisimamisha ukutani. Hapo ndipo Fundi alipoharibu. Aliona boksi halizifikii alama zake. Chaki moja ilibaki huku peke yake, na nyingine kule. Akavua futi shingoni akapima upana. Akapima tena. Uso ukamshuka.

"Hii siyo yangu. Hii ni ndogo."

"Ni yenyewe. Soma hapo, themanini na tano."

"Maandishi yoyote yanaandikwa. Futi haidanganyi."

"Fundi, hizi hazipimwi hiv—"

"Unifundishe kupima? Mimi?" Alikuwa ameahirishwa mara tatu, na uchungu wote ukapanda kwa mpigo. "Mmenibadilishia. Mmesikia mama yangu haoni, mkadhani na mimi sioni. Huo ni wizi."

Kamanda alimtazama kidogo, akavaa tena glavu zake.

"Mteja akikataa, boksi linarudi ghalani kabla halijafunguliwa," alisema kwa sauti ya kazini. "Samahani, mama." Akamwita mlinzi wa jengo, wakalishusha.

Mama alibaki amekaa, uso kwa ukuta mtupu. "Yule binti," alisema baadaye, "hakunijibu kama mwizi." Fundi akatoka nje.

Siku chache baadaye alikuwa kibandani akikata sketi ya mteja, ya kitambaa cha kuteleza kinachotaka kukatwa mshazari ili kianguke vizuri mwilini. Alikitandaza mezani, akaweka ncha ya futi kwenye pembe moja, akaivuta kwa mshazari hadi pembe ya mkabala. Akasoma. Kisha, bila kufikiri, akapima upana. Upana ulikuwa mdogo zaidi, kama kawaida, kama alivyojua tangu siku ya kwanza aliposhika mkasi. Akaiacha futi ikaanguka.

Kutoka pembe hadi pembe! Kioo hupimwa mshazari. Akakumbuka upana wa boksi, na kimo chake kilichomfika kifuani, akapunguza unene wa kingo za boksi, akachora kwa chaki juu ya meza, akavuta futi kutoka pembe hadi pembe. Themanini na tano ikatimia. Akakaa chini kwenye vipande vya nguo, amejishika kichwa. Kila siku alikuwa akiifanya kazi hii kwa mikono yake mwenyewe, na siku ilipohitajika hakuiona.

Akapiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena, na tena.

"Nani?"

"Mikono ya sindano."

Upande wa pili wa simu honi za magari ya mizigo zilisikika.

"Kata ukitaka, Kamanda, ila nimekosea. Nilipima upana. Inapimwa mshazari."

"Na mwizi?"

"Hakuna mwizi."

"Hilo kamwambie mama yako. Ndiye aliyesikia."

"Nimeshamwambia. Amesema nisirudi mezani kula mpaka nikuombe radhi."

Akasikia kama pumzi ya kicheko, ikazimwa upesi. "Mama nitamletea. Kila siku dukani wanataka kulipeleka boksi lake kwa mteja mwingine, nawaambia lina mwenyewe. Mwenzangu bado mgonjwa, kwa hiyo utashika upande wako. Lakini mdomo ufunge."

Alikuja mchana wa jua kali, kitambaa kile kile chekundu, ovaroli imefuliwa. Hakumpa mkono. Wakapanda. "Panda. Panda. Pumua." Hakuna utani safari hii. Walipofika kwenye kona kali, boksi likiwa limenyanyuliwa juu ya reli, Fundi akasimama.

"Pita," alisema Kamanda kutoka chini.

"Nisamehe."

"Fundi, mzigo uko hewani!"

"Najua. Ndiyo sehemu pekee huwezi kuniacha ukaondoka."

"Wewe una wazimu? Pita!"

"Nilikuamini hapa hapa nimefumba macho. Nikayafumbua kule juu nikakutukana. Sijalala vizuri tangu siku ile, Kamanda. Nakupenda, nami nilikuita mwizi mbele ya mama yangu."

Ncha za vidole zilizoonekana ukingoni mwa boksi zikasogea kidogo, zikakaza. Mlango mmoja wa jirani ukafunguka nusu, ukabaki hivyo hivyo.

"Umemaliza?" sauti ikauliza. Ilikuwa imebadilika.

"Nimemaliza."

"Basi pita, mikono inaniuma. Nimekusikia."

Juu, Mama alikuwa ameshavuta kiti chake karibu na ukuta. Wakaifunga runinga katikati ya zile alama za chaki, ambazo Fundi hakuzifuta. Kamanda akaiunganisha na simu ya Fundi. Kwanza ukuta ulikuwa mweusi, halafu ukawaka, na chumba kizima kikabadilika rangi, hadi mapazia.

Kisha akatokea mtoto. Alijaza ukuta. Macho yake yalikuwa makubwa kama sahani, mashavu yakitetema, na alipopiga miayo Fundi alirudi nyuma hatua moja bila kutaka. Mama akageuza kichwa upande, apate kutumia ule ukingo wa jicho uliosalia. Akasogea. Akasogea tena. Mkono wake ukapanda ukagusa kidevu cha mtoto pale ukutani.

"Kidevu cha baba yenu," alisema. Akakipapasa. "Kidevu chake hiki. Na hapa juu ya nyusi, ana kovu?"

"Siyo kovu, mama," mdogo wake Fundi alijibu kutoka ukutani, akicheka na kulia. "Ni maziwa. Yamekauka."

"Maziwa," alirudia Mama. "Nayaona maziwa." Akarudia tena na tena. Hata Kamanda, aliyekwisha kuwasha runinga kubwa katika nyumba zisizo na idadi, alikuwa ameweka mkono mdomoni.

Baada ya muda Mama akauliza, "Na binti aliyeibeba? Sauti yake naijua, sura sijaiona. Mwekeni hapo na yeye."

"Mama, mimi nimejaa vumbi."

"Nitakuona na vumbi lako."

Fundi akaiegemeza simu chini ya runinga, ikimwelekea Kamanda, akagusa, na uso wa Kamanda ukafunika ukuta. Jasho juu ya mdomo. Vumbi kwenye nyusi. Kidoa kidogo cheusi karibu na sikio, ambacho Fundi hakuwahi kukiona. Mpaka siku ile alikuwa amemjua kwa vipande: vidole ukingoni, fundo la kitambaa, sauti kwenye ngazi. Sasa alimwona mzima, na akaogopa, kwa jinsi alivyokaribia kumkosa.

Mama alimtazama kwa muda mrefu, kichwa upande. "Uso huu ndio uliouita mwizi?"

"Ndio huu, mama."

"Basi macho yako ni mabovu kuliko yangu."

"Kaka!" mdogo wake aliita. "Huyo ni nani?"

Fundi akarudi kusimama nyuma ya Kamanda. Kwenye ukuta, nyuma ya bega la Kamanda, alijiona mwenyewe amesimama, futi shingoni, mdomo wazi.

"Akikubali," alisema, "ni wifi yako."

Mtoto akapiga kelele kule mbali. Kamanda hakugeuka. Alimtazama kupitia ukutani, macho yakimlengalenga, mpaka Fundi akadhani ameharibu tena. Kisha akanyoosha mkono nyuma, akaivua ile futi shingoni mwa Fundi. Akashikiza ncha moja kwenye bega lake mwenyewe la kushoto, na nyingine akaivuta hadi kiunoni upande wa kulia.

"Gauni lianzie hapa," alisema. "Na safari hii upime vizuri. Mimi sirudishwi ghalani."

Mama akaomba wasogee karibu na ukuta ili aone, na Fundi akaishika futi, akaanza kupima.