Unga wa Mboga za Mlimani

Nyumba ya Mwamvua haikukosa watu. Ungefika kijijini kwao Kondoa, ungewakuta mashoga zake uani, huyu anasuka ukili, yule anapeta mtama, na habari za watu zinapita pale kabla hazijawafikia wenyewe. Mchana hakuna aliyeondoka bila kula. Ugali na mboga ya unga.

Mboga hiyo ilitoka mlimani. Ni marejea ya porini, jamii ya kunde, majani yake yanakaa matatu matatu. Masika Mwamvua huyachuma, huyaanika, huyatwanga. Unga wake hujaza chungu, na kiangazi chote familia hula humo. Ndivyo alivyofundishwa na mama mkwe wake, Bi Nasra.

Mwaka ule mvua zilikatika mapema. Marejea ya karibu yakakauka. Mwamvua akapanda juu zaidi, hadi kwenye majabali. Huko akakuta majani matatu matatu, machanga, hayajatoa hata ua. Akafurahi kweli. Akachuma, akachanganya na yale ya chini, akatwanga yote pamoja.

Mwezi wa nane mwanawe mdogo, Adamu, akavimba tumbo. Alikuwa na miaka miwili. Wengine wakasema ni minyoo. Wengine wakasema mengine, tena kwa kunong'ona, huku wakimtazama Bi Nasra kwa jicho la pembeni. Mtoto akanyweshwa dawa za miti. Siku ya tisa akafariki.

Msiba ulijaa watu. Siku ya pili chakula kikapungua. Mwamvua, macho yamevimba kwa kulia, akawaonyesha wapishi chungu chake.

"Chukueni humo," akasema.

Watu wakala.

Siku ya tatu akaja Evodia, bibi shamba wa kata.

"Shikamoo, mama. Poleni sana."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa. Kazi ya Mungu," alijibu Bi Nasra.

Evodia ni mtu wa maneno mengi, lakini siku ile aliishia hapo, akachuchumaa. Mkekani alikaa Munira, binti wa Mwamvua wa miaka minne. Tumbo limemjaa, miguu myembamba, macho yana umanjano.

"Mwamvua, huyu ameanza lini kuwa hivi?"

"Wiki sasa. Ni huzuni, tangu mdogo wake alipougua."

"Huzuni haijazi tumbo, dada. Anakula nini?"

"Tunachokula sote. Ugali na mboga."

"Nionyeshe hiyo mboga."

Mwamvua akaleta chungu. Evodia akachota unga, akautazama kiganjani, akatikisa kichwa.

"Huu hauna sura. Siwezi kujua ni majani gani. Na wewe huwezi."

"Mimi? Nachuma marejea tangu nilipoolewa!"

"Uliona maua yake?"

Mwamvua akautazama tena ule unga.

"Yapo marejea yanayoliwa," alisema Evodia, "na wapo ndugu zake wenye sumu. Sumu hiyo huharibu ini polepole, hasa kwa anayeila kila siku, na mtoto ndiye huumia kwanza. Sina hakika bado. Tumpeleke hospitali sasa hivi, na chungu tukibebe."

"Lakini nilichemsha sana! Wala haikuwa chungu mdomoni."

"Kuchemsha hakuiondoi. Na sumu nyingine hata huisikii mdomoni."

Hospitalini daktari alimpima Munira. Ini lilikuwa limeumia. Akauliza kama yupo mtoto mwingine mwenye dalili hizo. Mwamvua akamvuta Munira kifuani. Bi Nasra ndiye aliyejibu.

"Tumemzika majuzi."

Munira alilazwa wiki tatu. Ule unga ulifukiwa kwenye shimo refu, mbali na kuku. Kisha Evodia akapanda mlima na Mwamvua. Kwenye majabali aling'oa mashina mawili, akayalaza juu ya jiwe.

"Hili ndilo unalolijua. Sasa hili jingine, pitisha kidole chini ya jani."

"Lina manyoya."

"Na ganda lake?"

"Fupi. Nalo lina manyoya."

"Umeona. Lakini yakiwa machanga yanafanana mno, hata mimi yananipoteza. Na huenda mlimani kuna mengine nisiyoyajua. Kwa hiyo usishike alama moja tu. Usichume mmea ambao hujaona ua na ganda lake. Ukiwa na shaka, acha. Mbegu usile kabisa. Nitakuletea mbegu za kupanda za yale yanayoliwa, upande nyumbani."

Mwamvua alitazama lile shina la manyoya. Ndilo alilolijaza kwenye kanga yake, huku akiimba.

Mbegu zilipofika, akazipanda kwenye tuta nyuma ya nyumba. Wanawake wengine wakafuata. Sasa wanaanika matawi mazima, kila fungu na ua lake, wala hawatwangi hadi Evodia ayaone. Tumbo la Munira limepungua. Bado ni mdogo kuliko wenzake, na kila mwezi hurudi kliniki. Tangu hapo kijijini hakuna mtoto mwingine aliyevimba tumbo hivyo.

Juzi Anitha, mwalimu aliyehamia karibu, alikuja uani na mzigo wa majani.

"Nitazamie, mama Munira. Nimeyatoa mlimani."

Mwamvua akachambua jani kwa jani. Katikati akachomoa shina moja lenye manyoya.

"Tupa yote."

"Yote? Kwa shina moja? Jamani, si nilitoe hilo tu?"

"Huwezi kujua majani yake mangapi yamebaki humo. Tupa, mwalimu. Mimi nimezika."

Anitha akabeba mzigo wake hadi shimoni, akamwaga wote.