Upande wa Pili wa Mzabibu

Asubuhi hiyo Sabina alimnyonyesha Edson akiwa amesimama, mtoto kwenye mkono mmoja na kikombe cha chai kwenye mkono mwingine, kwa sababu trekta la vibarua lilikuwa limeshaanza kunguruma. Akamkabidhi kwa Salima, jirani yake wa mlango wa pili pale kambini, mama wa Kondoa aliyekuwa analea watoto wa nusu ya kambi. Akajifunga kitambaa kichwani, akapanda trekta.

Sabina alitoka Hombolo, Dodoma, ambako zabibu alizijua tangu utotoni. Ndiyo maana wenye shamba walimchukua kuvuna. Shamba hilo la Oldeani lilikuwa la kahawa karibu lote, isipokuwa kipande kimoja huko juu, kinachopakana na msitu wa Ngorongoro. Huko kulikuwa na mizabibu iliyopandwa na mlowezi enzi za Mjerumani. Mashina yalikuwa manene kama mapaja ya mtu mzima, yamejisokota, na kila moja lilizaa vichala vichache tu, vidogo, vyeusi. Mvinyo wake mwekundu hauonekani madukani. Wanaunywa wageni wa lodji za Karatu, glasi moja moja, huku wakielezwa umri wa ile mizabibu.

"Mnavuna wawili wawili," alisema Patrisi, msimamizi wao. "Mmoja upande huu wa mstari, mwenzake upande ule. Mwenzako akitoka, na wewe toka."

Hakueleza sababu, na hakuna aliyemuuliza.

Sabina alipangwa na Lightness, msichana Mwiraqw wa Endabash, mwenye maneno mengi. Majani yalikuwa yamefumana kiasi kwamba hawakuonana nyuso. Walionana mikono tu, ikiingia na kutoka kwenye vichala. Walivuna wakipiga soga mpaka kama saa nne, ukungu ukashuka kutoka kreta na kuwafunika.

"Mama Edson, nakwenda kunywa maji. Nikuletee?"

"Niletee."

Alijua anatakiwa kutoka naye. Lakini kreti lake lilikuwa karibu kujaa, na akilijaza mapema angewahi kwenda kunyonyesha mchana. Akabaki.

Muda si mrefu mikono ikarudi.

"Umewahi kweli," alisema Sabina. "Maji yangu yako wapi?"

Mikono iliendelea kuchuma. Wakasogea pamoja, shina kwa shina. Kisha sauti ikauliza, chini chini, "Una mtoto?"

Sabina akacheka. "Lightness, acha utani."

"Nani amebaki naye?"

Kicheko kikamkauka. Ndipo akaitazama ile mikono vizuri. Haikuwa na mkasi. Ilikata vikonyo kwa kucha. Na udongo uliogandamana kwenye vidole ulikuwa mkavu, ilhali kila kitu shambani kilikuwa kimeloa.

Akaacha kreti. Akageuka kurudi alikotoka, mkono mmoja ukifuata waya ulioshikilia mizabibu kwenye nguzo, asije akapotea. Mstari ule haukuwa mrefu. Asubuhi, akiwa barabarani, aliuona mwanzo wake na mwisho wake. Sasa alitembea mpaka miguu ikauma. Nguzo, shina. Nguzo, shina. Akamwita Patrisi. Sauti yake haikwenda popote, kama anasemea ndani ya blanketi.

Upande wa pili majani yalikuwa yanatikisika sambamba naye.

Akasimama. Yakasimama.

Akaupa mstari kisogo, akakata moja kwa moja kwenda mbali na ile mikono. Hazikupita hatua nyingi akagusa majani. Chini, mbele ya miguu yake, lilikuwepo kreti lake mwenyewe.

Hakuwa na saa wala simu, ila kifua chake kilimweleza muda. Maziwa yalijaa. Matiti yakawa magumu, yakauma, kisha yakaanza kuvuja na kulowanisha blauzi. Hali hiyo humpata jioni, akichelewa sana. Lakini mwanga ulikuwa uleule wa saa nne.

"Anakulilia," sauti ilinong'ona. Sasa ilikuwa usawa wa sikio lake.

Sabina akarudi nyuma hatua moja.

"Mimi walinikataza kwenda kunyonyesha mpaka nimalize mstari." Kucha zikakata kikonyo kingine. "Huu mstari hauishi."

"Niache niende, mama," alisema Sabina. "Nakuomba."

"Kaa wewe. Nitakwenda mimi."

Sabina akapiga magoti. Hofu ya nafsi yake ilimtoka, ikabaki hofu ya mtoto. Akatumbukiza mikono yote miwili ndani ya majani amkamate, amzuie, asimwachie. Alishika matawi tu. Yalimchana hadi viwikoni. Akapapasa mpaka upande wa pili.

Palikuwa patupu.

Kisha akahisi. Titi la kushoto lilivutwa, taratibu, kwa mpigo alioujua, mpigo wa Edson. Hapakuwa na mdomo. Hapakuwa na mtu. Maziwa yalimtoka na hayakudondoka popote. Likaisha la kushoto. Likaanza la kulia.

Ukungu ulipofunguka, Lightness alikuwa amesimama mbele yake na chupa ya maji.

"Mama Edson, mbona umekaa chini? Sijakawia hivyo."

Barabara ilikuwa pale pale karibu. Sabina akainuka. Alikimbia hadi kambini.

Salima alikuwa mlangoni anachambua maharage, Edson amelala kwenye mkeka kando yake.

"Umesahau nini tena?" Salima aliuliza.

"Tena?"

"Si umeondoka sasa hivi. Umemnyonyesha hapo, nimekusalimia hukuitika, nikajua umechoka." Akamtazama miguuni. "Ila ulikuja pekupeku."

Sabina akamnyanyua mtoto. Tumbo lilikuwa limekaza kwa shibe. Alipompa titi alilikataa, akageuza uso kuelekea njia ya shambani, akatabasamu.

Wiki ileile walirudi Hombolo. Edson alikua vizuri, mnene, mcheshi, haumwi ovyo. Meno yake mawili ya kwanza yalipoota, yaliota yana rangi ya zambarau iliyoiva. Yaliyofuata yakatoka hivyohivyo. Daktari wa meno mjini Dodoma aliyasugua, akayapiga picha, akasema ni mazima, hayana uozo wowote. Kisha, bila kumtazama Sabina usoni, akamuuliza kama nyumbani kuna mtu anayempa mtoto mvinyo.