Nani Anavunja Magongo ya Mbao?

Alhamisi, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, Kocha Halvorsen aliingia stoo ya timu ya besiboli ya Chuo cha Cottonwood Bend, Nebraska, akalibwaga mezani gongo lililopasuka katikati.

"La kumi na moja, Darlene! Ndani ya wiki mbili!"

Darlene Kubicek, mtunza stoo kwa miaka ishirini na mbili, alivaa miwani.

"La chuma dola mia nne, la mbao themanini," kocha alifoka. "Nikajiona mjanja kuhamia mbao! Kwa haya yaliyovunjika ningepata mawili ya chuma, na chenji. Ni Tucker huyo, anataka arudishiwe gongo lake la chuma. Barua ya kumfukuza hii hapa. Saa sita namkabidhi."

Moyo ulimuuma Darlene. Mchezaji huyo, Tucker Prohaska, bila timu hana ufadhili wa masomo, na bila ufadhili anarudi kulima mahindi. Alimwita mara moja.

"Unalishikaje gongo, mwanangu?"

"Nembo juu, Bi Darlene, kama ulivyotufundisha. Mpira ugonge ubavuni, penye nguvu. Halafu mimi nimevunja matatu tu! Hayo manane ni ya wenzangu, mbona hawafukuzwi?"

Darlene alichukua gongo zima, akaligeuza dirishani. Kiwanda hubandika nembo upande dhaifu wa mbao, ili mpira usiguse hapo. Hili nembo yake ilikuwa upande wenye nguvu, na robo mzunguko kutoka hapo palibaki alama ya gundi. Akatazama mengine sita. Yote vilevile.

"Ala! Kuna mtu kazihamisha nembo. Nyie mnagonga kwa upande mbovu!"

Funguo za stoo zilikuwa mbili: wake, na wa Merle Ostrander, mtunza uwanja, ambaye pia ndiye aliyebeba magongo mabovu kwenda kutupa.

Saa tano na nusu Darlene na Tucker walimkuta Merle nyuma ya banda lake, akibanika mbavu za nguruwe kwa moshi. Kocha alikuwa hapo tayari, kama kila siku tangu wiki iliyopita, anatafuna ubavu wa tatu.

"Merle, kuni gani hizo?"

"Kuni tu. Karibu mbavu."

Darlene alifungua mlango wa jiko, akachomoa kwa koleo kipande cha mpini kinachofuka. Namba tisa ya gongo la timu bado ilisomeka.

"Kuni zenu siku hizi zina namba?"

Merle akakalia ndoo.

"Ni mbao za mti wa mepo, Darlene, moshi wake huitia nyama utamu! Mepo kavu namna hii nitaipata wapi? Miaka sita mchungaji wa Kilutheri ananishinda kwa mbavu kwenye maonesho ya wilaya. Miaka sita! Maonesho ni Jumamosi. Nikahamisha nembo, yakaanza kuvunjika yenyewe. Sikujua kijana ataponzwa, wallahi."

"Na wewe, kocha," Darlene akasema, "ushahidi unautafuna tangu wiki iliyopita."

Kocha aliacha kutafuna. Akaitoa ile barua mfukoni, akaichana vipande vinne kwa vidole vilivyojaa mafuta ya mbavu, na hakuthubutu kumtazama Tucker usoni.