Muulizeni Bibi Harusi

"Kumbe ni wewe unayetaka kutuharibia fainali?"

Mama Hackett alilisema hilo mbele ya foleni nzima ya duka la dawa. Mdogo wangu Muireann alikuwa nyuma ya kaunta na koti lake jeupe, anabandika maelekezo kwenye kopo la vidonge.

"Kimoja asubuhi, kimoja jioni, Mama Hackett. Baada ya chakula."

"Sikuulizi vidonge, nakuuliza harusi. Miaka thelathini hatujatia mguu uwanja wa Croke Park siku ya fainali. Leo tumefika, wewe unataka kumvalisha kijana suti siku moja kabla?"

"Baada ya chakula, mama."

"Mchoyo wewe! Huna hata haya."

Akabeba dawa zake akatoka. Kwenye foleni hakuna aliyemtetea mdogo wangu, na kulikuwa na watu waliomjua tangu anabatizwa. Mimi nilikuwa wa nyuma kabisa, nimefuata dawa ya kikohozi ya mwanangu. Naitwa Nóirín, ni dada yake wa tumbo moja, kwa hiyo asitegemee mtu kwamba nitasimulia haya kwa upole. Upole wangu uliisha mwezi Julai. Na Muireann hajui kama naandika.

Huyo kijana wa suti ni Fiachra Delahunty, fundi umeme wa Kilbrannog na beki wa timu ya kaunti ya hurling, ule mpira wetu wa Ireland unaopigwa kwa fimbo. Fimbo anaijua, lakini kilichompa jina ni mdomo. Wachezaji wetu wengine ukiwawekea maiki wanasema wanawaheshimu wapinzani na wanaichukua mechi moja baada ya nyingine, halafu wanakwenda zao. Fiachra hakuwa hivyo. Mwaka juzi alisema redioni:

"Mashabiki wetu Jumapili wananipigia makofi. Jumatatu nakwenda kuwatengenezea taa jikoni, wananifundisha kucheza. Chai yenyewe hawanipi."

Nusu ya kaunti ilicheka, nusu ikataka afukuzwe. Waandishi wakawa wanampita nahodha kumkimbilia yeye. Muireann ndiyo kabisa, alikuwa amekufa ameoza.

"Dada, huyu ukimuuliza kitu anakujibu," aliniambia. "Unajua wanaume wangapi ukiwauliza kitu wanatazama dirisha?"

Huku kwetu mchezaji anaoa Desemba. Julai ni ya mpira, hata padri anajua. Ila Desemba ya kwanza ya uchumba wao Fiachra alipasuliwa goti. Desemba ya pili klabu yake ya parokia ikawa inashinda tu, mechi juu ya mechi, harusi ikasogezwa mpaka ikapotea. Ndipo wakachagua wenyewe, wote wawili, mezani kwa mama yetu, Jumamosi ya Julai, siku moja kabla ya fainali. Hoteli ilikuwa tupu siku hiyo, nani angeichukua?

"Na mkifika fainali je?" mama aliuliza.

"Sisi?" Fiachra alicheka mpaka chai ikampalia. "Labda fainali ya karata, mama."

Tukacheka wote, na mimi nikiwemo.

Mwezi wa tano tulichapwa vibaya kule Limerick. Mwandishi akamwekea Fiachra maiki hata jasho halijakauka.

"Fiachra, bado mnaiona fainali?"

"Fainali? Jumamosi yake naoa. Jumapili nitakuwa nimelala na mke wangu."

Basi! Ile sauti ilizunguka kwenye simu za watu kama mafua. Mtandaoni wakamwita msaliti. "Ameshalipia ukumbi wa kushindwa," mmoja aliandika. Mwingine akasema avuliwe jezi. Wateja wake watatu wakatafuta fundi mwingine. Muireann alisimama naye. Alikaa jukwaani katikati ya watu wanaomzomea mchumba wake, akapiga makofi peke yake mpaka viganja vikauma.

Halafu, bila mtu kuelewa ilikuwaje, tukaanza kushinda. Nusu fainali tulishinda kwa pointi moja kwenye mvua, Fiachra akiuzuia mpira wa mwisho kwa mbavu zake. Kaunti nzima ikalia. Kesho yake ndipo watu wakaikumbuka ile tarehe.

Jioni ya Jumatatu hiyo walikaa kwangu jikoni.

"Tuihamishe," Muireann alisema. "Wiki mbili mbele. Nimeshaongea na hoteli, padri naye amekubali."

"Hatuhamishi."

"Fiachra, nimengoja Desemba mbili. Wiki mbili hazitaniua."

"Nikihamisha wameshinda."

"Kina nani?"

"Hao walioniita msaliti. Saa nne asubuhi tunafunga ndoa, saa nane napanda basi na wenzangu kwenda Dublin. Kocha apende asipende."

"Na mimi nibaki na keki?"

"Unabaki na pete."

Nikaona niingilie. "Shem, msikilize. Anayesimama kaunta kusikiliza watu ni yeye, siyo wewe."

"Nóirín, haya mambo ni ya watu wawili."

"Basi watu wawili wasingekuja kunywa chai yangu."

Alinuna, akaondoka. Hata hajafika kwake, simu ya Muireann ikalia. Meseji nimeisoma kwa macho yangu:

"Mpenzi, tarehe ni ileile. Najua ulitaka tuhamishe, mimi ndiye nimekataa. Wakisema, lawama zote ni zangu. Nakupenda."

Muireann akaisoma mara ya pili, akatabasamu. "Unaona? Ni kichwa ngumu, lakini hanifichi kitu."

Alhamisi ilikuwa siku ya timu kukutana na waandishi. Nilikuwepo dukani, redio ilikuwa wazi, na Muireann akaongeza sauti aliposikia jina.

"Fiachra, kaunti nzima inauliza swali moja. Kwa nini harusi haihamishwi?"

Tukasikia anakohoa. Yule Fiachra tuliyemzoea angejibu hata swali halijaisha. Kisha akacheka, kicheko fulani chembamba ambacho sikukijua.

"Aa, hilo muulizeni bibi harusi. Mimi ni mchezaji tu. Si mnawajua wanawake na tarehe zao?"

Waandishi wote wakaangua kicheko. Muireann akaizima redio, akaendelea kuhesabu vidonge. Alikosea, akaanza upya, akakosea tena.

Ndipo vikaanza vituko kama vile vya Mama Hackett. Mtandaoni ikawa balaa. "Kaunti moja na mwanamke mmoja, nani mkubwa?" "Mwambieni aolewe na kalenda." Mtu alikitemea mate kioo cha duka, Muireann akatoka na kitambaa akakifuta mwenyewe. Wakati huohuo Fiachra, msaliti wa juzi, akageuka kijana wa watu, maskini, aliyekabwa koo na mwanamke.

Jumatatu ya wiki ya fainali hoteli ikapiga simu kumwambia Muireann kwamba wamesikitika sana kusikia amefuta harusi.

"Sijafuta harusi yoyote."

"Umetupigia asubuhi, dada. Umesema wewe ni Muireann Tuohy, ukatupa na tarehe."

Shabiki mmoja, mwanamke, sijui nani mpaka leo, alijifanya yeye. Na tayari ukumbi ulikuwa umepewa kamati ya mashabiki. Muireann akampigia Fiachra nikiwa nimekaa pembeni yake, akaweka sauti ya wazi.

"Wamefuta harusi yetu."

"Nani?"

"Mtu amejifanya mimi."

"Labda ni afadhali."

"Umesemaje?"

"Nasema presha imepungua. Kocha atafurahi. Tutafunga mwezi ujao, kuna ubaya gani?"

"Mwezi ujao si ndiyo nilikuomba mimi? Ukakataa ukasema wameshinda?"

"Muireann, mazoezi yanaanza."

"Kwa nini ulisema niulizwe mimi?"

"Ilinitoka tu. Kocha alikuwa amesimama pale, maiki iko mbele yangu..."

"Wewe maiki umeanza kuiogopa lini?"

Akashusha pumzi. Sauti yake ilipotoka tena ilikuwa ya mtu anayeomba.

"Hujui ilivyo. Leo kituo cha mafuta mzee mmoja amenishika mkono akalia. Amelia, Muireann! Miaka yote hii wananitukana, sasa wananipenda. Niachie wiki hii moja tu."

"Mimi wanatemea mate kioo changu."

"Baada ya fainali nitasema kila kitu. Nakuapia."

"Hadharani?"

"Hadharani."

Simu ilipokatika nikamwambia, "Ile meseji unayo. Ibandike mtandaoni sasa hivi, uone watakavyofyata."

"Hapana."

"Unamlinda wa nini?"

"Simlindi. Nataka nisikie kwa mdomo wake. Mdomo ule ndio nilioupenda, dada. Kama haupo, bora nijue."

Jumamosi gauni lilining'inia kwenye mlango wa kabati mchana kutwa. Mama alitaka kulificha, Muireann akakataa. Jumapili tuliangalia fainali kwenye televisheni. Tulishinda. Fiachra alicheza kama amepagawa, akachaguliwa mchezaji bora wa mechi, na mimi niliyekuwa namlaani tangu asubuhi nilijikuta nimesimama juu ya kochi napiga kelele. Muireann naye alilia. Sikumuuliza analia nini.

Jumatatu jioni kombe likaja nyumbani. Uwanja wa mji ulijaa mpaka watoto wakapandishwa juu ya mapaa ya magari. Wachezaji walikuwa juu ya lori lililogeuzwa jukwaa. Fiachra akapewa maiki, na mji mzima ukaliitikia jina lake.

"Muireann Tuohy yuko wapi? Apande hapa!"

Watu wakageuka kututafuta. Kama kuna kitu sitasahau, ni mikono ya Mama Hackett mgongoni kwa mdogo wangu, anamsukuma kwa mapenzi kabisa.

"Nenda mwanangu! Nenda bibi harusi wetu!"

Bibi harusi wetu! Nilitamani kumng'ata.

Muireann akapanda. Mimi nilimfuata mpaka chini ya lori, kwa hiyo nilichosikia nimekisikia. Fiachra alimkumbatia, akapaza sauti: "Mwezi ujao tunaoana, na wote mmealikwa!" Kelele zilizopigwa zilitikisa vioo vya benki. Muireann akangoja zipungue, akaishusha ile maiki kwa mkono wake.

"Waambie," alisema.

"Niwaambie nini?"

"Unajua."

"Siyo hapa, mpenzi. Ona watu walivyofurahi."

"Ni hapahapa. Uliniapia hadharani. Sentensi moja tu, Fiachra: nilitaka kuhamisha, ukakataa. Watakuzomea dakika tano, wataendelea kunywa."

Fiachra akawatazama watu. Alikuwa na jeraha juu ya jicho na macho yamejaa machozi. Wale watu walikuwa wanamtazama kama mtoto wao. Akainua maiki. Nilimwona anavuta pumzi, na naapa nilidhani anasema. Nilishaanza kumsamehe.

"Nataka kumshukuru Muireann," akasema, "kwa kukubali mwishoni kuihamisha tarehe! Mpigieni makofi!"

Wakampigia. Maelfu ya watu walimsamehe mdogo wangu kosa ambalo hakulifanya, na walimsamehe kwa furaha, wengine wanabubujikwa na machozi.

Muireann hakupiga kelele wala hakumpiga kofi. Alivua pete ya uchumba, akauchukua mkono wa Fiachra, akamwekea kiganjani na kumkunja vidole kimoja kimoja. Kwa mbali watu walidhani wameshikana mikono, wakashangilia zaidi. Fiachra tu ndiye aliyejua, akabaki anatabasamu kwa sababu kamera ilikuwa bado inawaka. Muireann akashuka, akanishika mkono. Tulipita katikati ya watu wanaompiga mabega na kumpongeza mpaka nyumbani.

Usiku ule ilikuja meseji moja tu: "Ungenipa muda. Ungeniacha nifurahi kidogo kwanza." Hakuijibu.

Siku zilipita, harusi haikutangazwa, watu wakaelewa. Sasa Muireann ndiye aliyemwacha shujaa wa kaunti. Anayetaka makuu. Anayeringa. Fiachra akiulizwa redioni anasema ni mambo ya faragha. Amejifunza. Siku hizi anawaheshimu wapinzani na anaichukua mechi moja baada ya nyingine, kaunti nzima inamsifu kwamba amekomaa.

Juzi mwandishi alikuja dukani na kinasa sauti chake. Foleni ilikuwepo, na Mama Hackett alikuwa wa mbele, masikio yamesimama.

"Dada Muireann, watu wanasema mengi. Ile tarehe, kuachana kwenu, ilikuwaje hasa? Hii ndiyo nafasi yako ya kusema."

Simu ilikuwa pale juu ya kaunta, karibu na mashine ya kuchapia maelekezo. Ile meseji imo mpaka leo. Nilimkonyeza: sema, mdogo wangu, wamalize! Muireann akabandika karatasi kwenye kopo, akailainisha kwa kidole gumba mpaka ikakaa sawa.

"Muulizeni bwana harusi," alisema. "Si ndiye msema kweli wenu?"

Kisha akamsukumia Mama Hackett vidonge vyake, akamkumbusha ale kwanza, akamwita aliyefuata.