Watoto wa Ukutani

Miguu ya Ojiambo ilianza kufutika Jumatatu. Si miguu yake mwenyewe, ni ile iliyochorwa ukutani, katika darasa la hesabu la shule moja ndogo kwenye njia ya Masafu. Mwalimu Mangeni aliitazama, akalaumu mkaa mbovu, akaichora upya. Mtu huyo hakukosa wa kumlaumu hata siku moja.

Ukuta ule ulikuwa umempa kiburi cha ajabu. Mkaguzi wa shule alikuwa njiani kutoka Tororo, na Uhuru ulikuwa umekwisha kuja, padri mzungu aliyeongoza shule anafunga virago. Atakayempendeza mkaguzi ndiye atakayekuwa mwalimu mkuu. Basi Mangeni akapaka ukuta udongo mweupe, akawachora juu yake wanafunzi kumi wamejipanga, kila mmoja na sura yake na namba yake, kuanzia Ojiambo hadi Kevina, binti yake mwenyewe. Kila asubuhi aliwagusa kwa fimbo mmoja mmoja, darasa zima likihesabu kwa sauti.

Sasa, Wasamia, wenyeji wa huko, hawahesabu watoto. Muulize mama anao wangapi, atakujibu wapo, basi. Mangeni alilijua hilo tangu utotoni, lakini siku hizi alivaa tai, na nadhani tai ile ilimkaba mpaka akili.

Taaka, nyanya yake Ojiambo, alikuja akasimama mlangoni.

"Mwalimu, watoto si mbuzi ya mnada. Wewe nahesabu, musambwa, mizimu ya wazee, nasikia."

"Nyanya, hii ni elimu. Rudi ukapalilie wimbi."

Kesho yake Ojiambo hakuweza kusimama. Kisha mtoto wa pili, kisha wa tatu, na kila alipoanguka mmoja, miguu yake ukutani ilikuwa imekwisha kufifia. Mangeni akasema ni malaria. Malaria ya miguu! Na watu wazima walimwitikia, eti kwa sababu amesoma.

Jioni moja, watoto wamekwenda, alibaki peke yake akirekebisha michoro, akasikia harufu ya udongo mbichi ingawa ukuta ulikuwa mkavu, na ndani ya harufu ile ikaja sauti nyembamba, kavu, iliyohesabu polepole kwa Kisamia kama mtu anayechambua mbegu, ikapita kwa Ojiambo, ikapita kwa wengine, na mkaa ukamponyoka mkononi alipoona, huku sauti ikizidi kusogea mwisho wa mstari, kwamba vidole vya miguu ya Kevina havipo tena.

Alikimbia nyumbani. Kevina alikuwa ameanguka jikoni, anajaribu kuinuka kwa mikono.

"Baba, siisikii miguu yangu."

Hapo ndipo msomi alipomkumbuka Taaka. Alimfuata kwake, akaongea kwa kunong'ona, asisikiwe na majirani.

"Nyanya, nisaidie."

"Wewe ulihesabu, wewe nafuta," Taaka alimjibu, naye kwa sauti ya chini. "Kesho asubuhi, wazazi wakiwa hapo. Shika mavi ya ng'ombe na mkono yako, paka ukuta yote. Sema watoto hawana hesabu."

"Mbele ya wazazi? Na mkaguzi anakuja kesho?"

"Basi wewe na mkaguzi yako."

Mangeni alirudi shuleni na kitambaa kibichi. Akamfuta Kevina. Kevina peke yake. Watoto wa wenzake akawaacha pale pale wamejipanga, ukuta usije ukapoteza uzuri wake. Akarudi nyumbani, akamkuta binti yake anatembea, akala akashiba.

Asubuhi alifungua darasa kwa bashasha. Pale alipomfuta Kevina alikuwa amesimama mtu mzima, amechorwa vizuri kuliko wote, amevaa tai.

"Kumi," ukuta ukasema.

Miguu ya Mangeni ikakatika nguvu, akaanguka kizingitini.

Akina mama, walioitwa na Taaka, walimbeba, wakamlaza nyumbani kwake, kisha wakarudi na mavi ya ng'ombe, Taaka mbele yao, wakapaka ukuta wote wakitamka kwamba watoto hawana hesabu. Kabla ya adhuhuri Ojiambo na wenzake walikuwa uwanjani wanakimbizana. Lakini ukuta ulipokauka, yule wa tai akatokeza tena. Wakapaka mara ya pili, akatokeza.

Mkaguzi alifika, akausifu mchoro, akauliza ni nani.

"Ni mwalimu wetu," Taaka akasema. "Alikuwa nataka wewe uone yeye."

Mkaguzi akasogea karibu, akainama.

"Kazi nzuri, hata tai imekaa sawa. Lakini mbona hakumalizia miguu?"