Chumba cha Saba Hatukukijenga

Harufu ya kiberiti ilianza Jumatatu, saa nne asubuhi, jua likiwa limejaa dirishani. Dada alidhani mdogo wake, Fundi, kaurudia uvutaji wa sigara.

"Nani? Mimi?" Fundi akageuza mifuko yake nje. "Nipekue, dada. Ukipata hata njiti moja, nichape."

Hakupata kitu. Hakuamini pia.

Walikuwa wakitengeneza mchezo wa kompyuta kuhusu mzee wa alkemia aliyetaka kugeuza risasi kuwa dhahabu. Dada aliandika hadithi na mafumbo, Fundi aliandika programu, sebuleni kwa mama yao. Mama alikuwa chumba cha ndani, macho yamefungwa bandeji tangu afanyiwe upasuaji. Wanawe aliwajua kwa sauti. Katika mchezo, nyumba ya mzee ilikuwa na vyumba sita. Ukichanganya kiberiti, zebaki na chumvi kwa kipimo sahihi, sauti nyuma ya mlango husema, "Hodi," nawe huandika, "Karibu," mlango ukafunguka. Wazo hilo lilikuwa la dada, na alilionea fahari.

Jumatano kikaonekana chumba cha saba.

"Hiki umekitengeneza lini?" dada aliuliza.

"Nilidhani ni wewe. Si wewe ndiye usiyeridhika na vyumba sita?"

"Usinifanye mtoto, Fundi."

"Na wewe usinifanye mjinga. Juzi ulilibadili nenosiri, ukaniambia?"

Kutoka hapo waliviziana kama paka wawili kwenye jiko moja. Fundi alikunywa chai huku akiitazama mikono ya dada yake. Dada alikwenda msalani na kompyuta yake kwapani. Ijumaa mchana wakaketi bega kwa bega, kila mmoja akimchunga mwenzake, wakakifungua chumba kile.

Kilikuwa na kitanda. Kitandani amelala mwanamke, macho yake yamefungwa bandeji. Kando yake chungu kinachemka mekoni. Chini, maandishi:

*Watoto wameshanikaribisha. Sasa namsubiri mwenye nyumba.*

Dada alinong'ona, "Mchezo huu tumeujaribu mara ngapi?"

"Kila siku. Huu mwezi wa nane tangu tuanze."

"Na kila mlango tukaandika..."

"Usilitaje hilo neno, dada. Nakuomba."

"Hata kuuliza ni nani hatukuuliza."

Fundi akachomoa waya. Skrini ikazimika, spika zikanyamaza, na katika ukimya ule wakasikia mtu akibisha kwenye ukumbi wa kuelekea chumba cha mama, taratibu, kistaarabu, kama mgeni aliyefunzwa adabu kwao.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya Fundi, na Fundi alikuwa ameketi palepale, viganja vyote viwili vimeziba mdomo wake, machozi yakimtoka. Dada akainuka ampigie mama kelele asijibu, lakini harufu ya kiberiti ilimjaa kooni sauti ikagoma, akashika ukuta na ukuta ulikuwa wa moto, akaenda hatua kwa hatua, sakafu ikimchoma nyayo, ukumbi wa hatua sita ukirefuka kila alipopiga moja, mpaka vidole vyake vikagusa pazia la chumba cha ndani, na nyuma ya pazia akamsikia mama yake akicheka kwa furaha.

"Karibu, mwanangu. Mbona mikono yako ya moto hivi?"